Umegongwa barabarani Kenya? Kabla ya kuuliza utalipwa ngapi, panga kwanza utaonyeshaje nani alikosea

Shemeji yangu ni mtu wa boda. Miaka kadhaa nyuma alikuwa anatoka Mariakani anarudi Mazeras, mchana kweupe, lori likampita alafu likamrudia kushoto ghafla, akaenda nalo mpaka mtaroni, mguu wa kulia ukavunjika pahali pawili. Kesi ilikokotwa karibu miaka minne. Siku ya hukumu hakimu akasema haya, maumivu aliyopata huyu kijana yanafaa fidia ya laki nane, lakini dereva wa lori anasema pikipiki ndo iliyojiingiza, mwenye pikipiki anasema lori ndo lililomfinya, na mimi sina cha kuniambia nani mkweli, kwa hivyo lawama nusu kwa nusu. Laki nne zikaenda hivyo, kwa sentensi moja.

Nilirudi nyumbani nikalifungua lile faili letu kwa hasira nitafute tulikosea wapi, na jibu lilikuwa wazi mbele yangu. Karatasi za hospitali zilikuwa rundo, eksirei, risiti za dawa, risiti za teksi, ripoti ya daktari mara mbili. Karatasi za ajali yenyewe ilikuwa moja tu, abstrakti ya polisi, ile karatasi fupi ya kituo ya kuonyesha ajali iliripotiwa, na hiyo imeandikwa bado inachunguzwa. Hakuna picha hata moja, hakuna shahidi. Na pale mtaroni palikuwa na mzee muuza madafu aliyeona kila kitu, ndiye aliyemtoa shemeji chini ya pikipiki kwa mikono yake, na hakuna aliyekumbuka kumwomba namba ya simu. Yaani tulikuwa tumejiandaa kuonyesha kwamba ameumia, kitu ambacho hakuna aliyekuwa anabisha.

Mimi si loya, niseme mapema. Lakini tangu hapo nimefuatana na watu wengine koti, nimesoma hukumu nyingi maana zimewekwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na naona watu wanarudia kosa lilelile. Kwa hivyo hapa naandika vile ungefanya kama ungekuwa unaanza leo.

Kwanza toa hii fikira kichwani: "nimeumia kwa hivyo nalipwa"

Sheria ya Kenya kwenye ajali za barabara haiendi hivyo. Court of Appeal ilisema wazi mwaka 1991 kwenye kesi ya Kiema Mutuku na Kenya Cargo Handling Services, kwamba hapa kwetu bado hakuna kulipishwa bila kosa, anayedai kwa msingi wa uzembe lazima aonyeshe uzembe fulani wa yule anayemdai. Alafu mwaka 2005 ikaja kesi ya Statpack Industries, jaji akasema si kila jeraha limetokana na uzembe wa mtu, kuumia peke yake hakutoshi, lazima uonyeshe kamba inayounganisha kosa la fulani na jeraha lako. Hizi kesi mbili zinatajwa na mahakimu kila uchao, na maloya wa bima wanazipenda kuliko chai.

Ile kamba ina vipande vinne, na kikikatika kimoja umeangukia pua. Cha kwanza, huyu mtu alikuwa na wajibu wa kukuangalia. Cha pili, hakuutimiza. Cha tatu, kule kutoutimiza ndo kulikokuumiza. Cha nne, umeumia kweli.

Cha kwanza barabarani hakisumbui. Kuna kesi moja ya konokono Scotland, mama mmoja alinywa soda kwenye mkahawa mji wa Paisley mwaka 1928 akakuta konokono aliyeoza ndani ya chupa, ikapanda mpaka House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Waingereza, na mwaka 1932 jaji Lord Atkin akasema una wajibu wa kumuangalia jirani yako, na jirani ni yeyote ambaye ungeweza kuona kwamba kitendo chako kitamfikia. Sheria yetu tulirithi huko kwa Waingereza kwa hivyo mpaka leo ndo msingi. Dereva wa lori na mwenda kwa miguu wa Mariakani ni majirani kisheria hata kama hawajawahi kusalimiana.

Cha nne ndo hicho watu wote hujiandalia. Kazi iko kwa cha pili na cha tatu.

Kosa lenyewe liwe ni kitendo, lisiwe ni tabia

Watu wakiandika statementi wanaandika "dereva alikuwa mzembe", "alikuwa anaendesha vibaya", "hao watu wa matatu ni wakora". Hakimu hafanyi chochote na hiyo. Kipimo anachotumia ni hiki tu, dereva wa kawaida mwenye akili zake, kwa barabara ile, saa ile, na mvua ile, angefanya nini? Alafu huyu alifanya nini tofauti? Kwa hivyo andika kitendo. Alinipita kwenye kona. Alirudi kushoto kabla mkia wa lori haujanimaliza. Hakuwa amewasha taa na ilikuwa saa moja usiku. Alisimama katikati ya lami kushusha abiria. Alikuwa anarudi nyuma bila mtu wa kumuelekeza.

Kasi pia usiseme tu "alikuwa mbio". Ndani ya mji mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na matatu na mabasi hayaruhusiwi kupita 80 hata barabara kuu. Huna mashine ya kupima, sawa, lakini ukisema gari lilisimama umbali wa nguzo tatu za stima kutoka pale liliponigonga, na picha inaonyesha hizo nguzo, hakimu atajihesabia mwenyewe.

Na kuna mtego hapa ambao huwa unauma watu. Mnagundua dereva hana leseni, ama bima imeisha, ama gari halijakaguliwa, mnashangilia kesi imeisha. Haijaisha! Kutokuwa na leseni ni kosa la trafiki, atalipa faini, lakini wewe bado unatakiwa uonyeshe kile alichofanya barabarani kilichokugonga. Na inakata pande zote mbili, watu wa boda wengi wakigongwa wanaogopa kushtaki kwa sababu leseni yao imeisha, wanadhani kesi ni yao kupoteza. Kama ulikuwa umesimama zebra na gari likakugonga kwa nyuma, leseni yako kuisha mwezi jana sio iliyokugonga.

Mfano mzuri wa kile kipande cha tatu cha kamba kukatika uko London, ilikuwa kesi ya walinzi watatu wa usiku walikunywa chai wakaanza kutapika, wakaenda hospitali ya Chelsea, daktari hakuwaona, akawaambia warudi nyumbani wakaone madaktari wao. Mmoja akafa, kumbe chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Hukumu ya 1968 ikasema ndio, hospitali ilikosea kutomuona, lakini hata angeonwa saa ileile angekufa tu maana dawa isingewahi. Kosa lipo, kifo kipo, lakini moja halikuzaa lingine, familia haikupata kitu. Inauma kusoma lakini ndo ilivyo.

Pale pale barabarani

Maisha kwanza, kama unavuja damu nenda hospitali, hii kazi afanye mwenzako. Lakini afanye, na afanye kabla magari hayajasukumwa kando, kwa sababu trafiki akifika la kwanza atakalotaka ni barabara ifunguke.

Piga picha kutoka mbali kwanza. Watu wote hupiga damu na bampa, picha ambazo kwa lawama hazisaidii sana. Inayosaidia ni ile inayoonyesha gari limesimama upande gani wa barabara, mstari wa katikati uko wapi, alama za breki zinaanzia wapi, vioo vimemwagika wapi (vioo na udongo unaodondoka chini ya gari huonyesha pale mlipogonganishwa hasa), alama ya barabarani ipo ama haipo, kona iko umbali gani. Alafu ndo usogee karibu, namba za magari yote, karatasi ya bima kwenye kioo, jina lililoandikwa mlangoni mwa lori. Piga video ukizunguka huku unasema saa na pahali. Dereva akianza kuongea, "aki nisamehe sikukuona", mwache aongee, simu ikiwa imewaka.

Mashahidi sasa. Tafuta mtu ambaye si ndugu yako na hakuwa ndani ya gari lako. Mama wa mboga, mlinzi wa geti, muuza madafu. Jina, simu, na umwambie kabisa pengine utaitwa koti baada ya mwaka mmoja ama miwili. Wengi watasema sitaki mambo ya koti, usibishane naye, chukua namba tu, umpigie kesho kutwa ukimwambia mgonjwa anaendeleaje. Mtu akishajua umeamka salama huwa analainika. Na umpigie tena kila miezi michache manake Wakenya tunabadilisha laini na kuhama mji kama nini.

Kamera pia angalia, petroli stesheni, duka la jumla, geti la godauni, siku hizi kila pahali kuna kamera na magari mengi ya kampuni yana kifaa cha kufuatilia mwendo. Lakini kamera nyingi hufuta zenyewe baada ya siku chache, kwa hivyo hiyo si ya kungoja loya, nenda kesho yake asubuhi uombe kwa upole, ikikataliwa mwambie askari anayechunguza aiombe.

Kituoni

Ajali yenye majeruhi lazima iripotiwe, sheria inasema mapema iwezekanavyo na isipite masaa 24. Hakikisha imeingia kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na uandike hiyo namba ya OB kwa simu yako. Ukiwa wodini, tuma mtu, lakini ukitoka nenda mwenyewe uandike statementi yako. Wengi hawaendi. Kwa hivyo kwenye faili ya polisi maneno yaliyomo ni ya dereva peke yake, na dereva siku hiyohiyo alisema wewe ndo uliyekatiza ghafla. Miaka miwili baadaye ndo loya wake anaisoma koti, wewe unaisikia mara ya kwanza.

Statementi isome kabla ya kusaini. Askari anaandika kwa Kiingereza chake cha haraka, "rider lost control" akaweka, na wewe ulimwambia umesukumwa. Maneno matatu hayo yamemaliza kesi za watu, kwa sababu ukija kusema tofauti kortini unaonekana muongo.

Abstrakti nayo usiipe uzito ambao haina. Watu huiweka ndani ya plastiki kama cheti cha ndoa. Kazi yake ni kuonyesha ajali ya tarehe fulani iliripotiwa, magari fulani yalihusika, bima ni ya kampuni fulani. Haisemi nani alikosea, na hata ikisema, hakimu halazimiki. Yenye nguvu ni yule askari mwenyewe akija koti na faili la polisi, na ule mchoro wa pahali pa ajali uliochorwa siku ileile. Mwambie loya wako mapema amwite askari aliyechora, kwa sababu koti ukileta askari mwingine wa zamu tu asome abstrakti, ataulizwa swali moja, "wewe ulikuwepo?" na atasema hapana.

Kama dereva alishtakiwa kwa kesi ya trafiki akapatikana na hatia, hiyo ni dhahabu, omba nakala ya hukumu yenye mhuri. Kule kwa jinai lazima wathibitishe mpaka isibaki shaka ya maana, huku kwenye fidia inatosha ikielekea zaidi kuwa kweli kuliko kuwa uongo, kwa hivyo aliyefungwa kule ana kazi ngumu kukataa huku kwamba alizembea. Lakini usilale. Kesi ya Robinson na Oluoch ya mwaka 1971 ilisema dereva aliyekwisha hukumiwa bado anaweza kusema wewe pia ulichangia. Na kinyume chake, akiachiliwa kule haimaanishi wewe umeshindwa huku, vipimo ni viwili tofauti.

Wakati hali yenyewe inaongea

Kuna ajali ambazo hujui kabisa kilichotokea. Ulikuwa umelala ndani ya basi la usiku, unaamka uko kwenye mahindi ya watu. Utasemaje dereva alifanya nini? Hapa kuna kanuni ya zamani iliyotokana na pipa la unga lililomdondokea mtu kichwani Liverpool kutoka dirisha la ghala, kesi ya 1863, jaji akasema mapipa hayaanguki yenyewe kutoka kwa maghala, mwenye ghala ndiye aeleze. Basi lililoacha lami peke yake bila kugongana na kitu ni kama lile pipa. Mwenye basi atatakiwa kutoa maelezo, tairi lilipasuka, punda alikatiza, chochote kinachoingia akilini. Hata hivyo mwambie loya aitaje hiyo kanuni kwenye karatasi za madai tangu mwanzo, na uandike pia vitendo unavyovijua hata viwili, usiegemee pipa peke yake.

Nani unamshtaki

Dereva ndiye aliyekosea lakini dereva hana kitu, kila mtu anajua. Kwa hivyo unamshtaki yeye pamoja na mwenye gari, kwa hoja kwamba dereva alikuwa kwenye shughuli za mwenye gari. Fanya utafutaji wa umiliki kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ukiwa na namba ya gari, upate nakala yenye jina, maana Traffic Act inasema aliyesajiliwa ndiye huchukuliwa kuwa mwenyewe mpaka athibitishe vingine. Na atajaribu! Atasema aliliuza zamani, atasema dereva alilichukua bila ruhusa akaenda nalo matangani kwao. Ukiwa na ile picha ya jina la kampuni mlangoni, na lori limejaa simiti saa nne asubuhi siku ya Jumanne, hayo maneno ya matanga hayaendi mbali.

Ukiwa abiria una bahati kidogo, kama kuna bahati kwenye ajali, kwa sababu hukushika usukani wowote na lawama kwa kawaida inazunguka kati ya madereva. Lakini magari yakiwa mawili washtaki wenye magari yote mawili. Ukimshtaki mmoja, siku zote atasema mkosaji ni yule ambaye hayuko, na ukija kumuongeza yule mwingine umechelewa.

Kampuni ya bima haishtakiwi mwanzoni, inapelekewa notisi, na hiyo notisi ina siku zake kwa hivyo muulize loya siku ya kwanza kabisa kama imetumwa. Bima ya lazima inalipa hukumu mpaka milioni 3 kwa mtu mmoja, juu ya hapo unamfuata mwenye gari mwenyewe.

Lawama ya kwako

Hii watu hawapendi kusikia. Hata ukishinda, hakimu ana ruhusa ya kukukata sehemu kulingana na vile ulichangia. Hukuvaa helmeti na umeumia kichwa. Mmepanda boda watatu na sheria inasema abiria ni mmoja. Ulivuka chini ya daraja la miguu badala ya kupanda juu yake. Ulining'inia mlangoni mwa matatu. Watoto wadogo hawakatwi hivi kirahisi, aliye chini ya miaka 10 kwa kawaida hatwikwi lawama kabisa, anayebaki kulaumiwa ni mtu mzima aliyekuwa usukani.

Ukiulizwa na loya wako, mwambie ukweli wote. Loya akijua hukuwa na helmeti anaweza kutafuta ripoti ya daktari inayoonyesha kilichovunjika ni mguu na wala si kichwa, kwa hivyo helmeti isingebadilisha kitu. Ile kamba tena! Kosa lako pia lazima liwe limechangia jeraha, si wao tu wanaobanwa na hiyo.

Na ile nusu kwa nusu iliyomkuta shemeji ina jina lake, mahakimu hutaja kesi ya Lento Agencies ya Court of Appeal mwaka 2006. Pale ambapo kuna maneno ya mtu huyu na ya mtu yule, na hakuna kitu cha tatu cha kuamua, lawama inagawanywa sawa. Soma hiyo sentensi tena. Hakimu hakusema shemeji alikosea nusu. Alisema hakupewa cha kupimia. Picha moja ya alama za breki, ama yule mzee wa madafu dakika kumi kizimbani, ndo kilikuwa kile kitu cha tatu.

Alafu kuna mapatano. Kesi nyingi hazifiki hata kusikizwa upande wa lawama, maloya wawili wanakaa kwenye korido ya koti wanakubaliana 80 kwa 20, ama 85 kwa 15, wanaenda mbele ya hakimu wanaandikisha, inabaki tu kuhesabu pesa. Si vibaya, inaokoa muda, mara nyingi ni busara hasa ushahidi wako ukiwa mwembamba. Lakini ni haki yako kujua kabla haijaandikishwa. Uliza swali moja tu, hiyo 20 inatoka wapi, ni kosa gani langu? Kama jibu ni "hivyo ndo inafanywanga" basi uliza kama mna shahidi na picha kwa nini mnaanzia hapo. Kumbuka inakatwa kwa kila kitu, hata risiti zako za hospitali, kwa hivyo kwenye milioni moja hiyo 20 ni laki mbili.

Na ukiwa bado wodini atakuja jamaa msafi ana faili na kalamu, anajua jina lako na hujui alilijulia wapi, anataka usaini. Pengine ni wa ofisi ya loya, pengine katumwa na upande wa gari ana elfu thelathini na karatasi ya kusema umeridhika na hudai tena. Usisaini kitu umelala chali. Mwambie arudi ukiwa umekaa.

Pale ambapo kosa halihitajiki

Kabla ya kuanza hii safari yote angalia kama hata ni safari yako. Kama ulikuwa kazini, dereva wa kampuni, turnboi, mtu wa kupeleka mizigo, kuna Work Injury Benefits Act ya 2007, hapo huulizwi nani alikosea. Umeumia kazini, unalipwa, ulemavu wa kudumu wa mwili mzima ni mshahara wa miezi 96. Kinachoweza kukunyima ni kama ulijiumiza makusudi ama kwa utundu wa wazi. Ubaya wake ni kwamba kwa mwajiri huwezi tena kwenda kushtaki kotini kwa uzembe, Supreme Court ilithibitisha hiyo sheria mwaka 2019. Mpe mwajiri taarifa mara moja, kwa maandishi, ubaki na nakala. Yule mwenye gari lingine lililokugonga, huyo si mwajiri wako, kwa hivyo muulize loya kuhusu yeye kando.

Ukigongana na ndovu kule Voi ama Taveta, ama mnyama mwingine wa porini aliye kwenye orodha ya sheria akikudhuru, hakuna dereva wa kulaumu, lakini sheria ya wanyamapori ya 2013 ina viwango vyake, milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na mpaka milioni 2 kwa majeraha mengine. Inapitia kamati ya kaunti na malipo huchelewa vibaya sana, lakini hutakiwi kuonyesha kosa la mtu, ni nani angempeleka ndovu koti.

Na kuna ile ya mtu kuweka kitu cha hatari kwake kikatoka kikaja kwako, kama bwawa la maji. Hiyo ni kesi ya Rylands na Fletcher, Uingereza 1868, maji ya bwawa yaliingia mgodi wa jirani na mwenye bwawa akalipa hata ingawa yeye binafsi hakuzembea. Lori la kawaida haliingii humo.

Siku zako zinahesabika

Kwa kesi ya uzembe una miaka 3 kutoka siku ya ajali. Gari likiwa la serikali ni miezi 12 tu, na hii imeacha watu wengi nje ya mlango, wanangoja mguu upone kwanza ndo washtaki. Usingoje mguu. Madai yasiyozidi milioni moja kuna mahakama ya madai madogo inayotakiwa kumaliza kwa siku 60, ingawa kama ajali za barabarani zinaingia pale ni jambo ambalo majaji wa High Court wamewahi kutofautiana, kwa hivyo usijiendee tu peke yako, uliza kituo chako wanazipokea vipi.

Mimi ningekuwa na wiki moja tu baada ya ajali, hospitali ningeiacha kwa madaktari maana karatasi zao hazipotei, nikaenda pale barabarani saa ileile ya ajali, siku ileile ya wiki, kwa sababu watu wa barabarani wana ratiba. Anayepita pale Jumanne saa nne, Jumanne ijayo saa nne atakuwa pale tena. Ningenunua dafu nikae.